Maua ya Mama Kwenye Disketi

Kompyuta yetu ilikuwa na mlio wake: ukiichomeka disketi ilikwaruza kwa muda mrefu, ikanyamaza, ikakwaruza tena, na nyumba yetu nzima, mtaani Mutakura, ikajua Mama ameketi kazini. Ilifika kwetu ikiwa imeshazeeka. Mjomba Kassim, mdogo wake Mama, alipewa ofisini kwake walipoleta mpya. Haikutunza chochote tumboni mwake. Programu ya kuchora ilikaa kwenye disketi moja, michoro kwenye nyingine. Mama alitarizi mashuka ya maharusi, na kwenye kioo kile cha mwanga wa kijani alipanga maua yake mraba kwa mraba, kila rangi na herufi yake, kidevu juu, kama mtu anayeendesha gari lake mwenyewe. Nilimwona mkubwa kuliko wanawake wote wa mtaa, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Masika fulani, asubuhi moja, mashine ilikwaruza ikakataa. Disketi ya programu haikufunguka, ya michoro vilevile. Michoro ile ilikuwa kazi ya Mama ya miaka yote, na nakala nyingine haikuwepo. Mjomba alipofika, alizigeuzageuza disketi mkononi.

"Dada, hizi unaziwekaka wapi?"

"Mu kopo ya sindano, pamoya na sumaku. Kusudi zisipotee."

"Basi sumaku ndiyo imezikula, inafutaka yote yaliyomo."

Kila mtarizi ana sumaku ya kuokotea sindano zilizoanguka, na kopo la sindano ndilo mahali salama kuliko pote nyumbani kwake, maana hakuna mtoto anayethubutu kuligusa. Fundi yeyote angeficha mali yake humo humo.

Mjomba aliulizia programu ile maofisini, akarudi mikono mitupu. Aliyeipata ni Mama Furaha, rafiki wa Mama, Mkongomani aliyeishi Gatumba na kuvusha vitenge mpakani. Ng'ambo, Uvira, alimgundua mama mmoja aliyefundisha kupiga taipu kwa mashine kama yetu, akamwomba nakala. Akaivusha disketi katikati ya vitenge vyake, akaingia kwetu akiwa amelowa mvua na anacheka.

"Niko nayo, Mama Amina. Haijaona hata kivuli ya sumaku."

Programu ilifunguka, lakini kioo kilikuwa kitupu, bila ua hata moja. Hapo Mama akaingia chumbani, akatoka na kitambaa kirefu cheupe kilichoviringishwa. Wateja wake hawakuamini karatasi; walitaka kulipapasa ua kwa kidole kabla ya kuagiza, kwa hiyo kila mchoro aliwahi kuutarizi humo. Likizo nzima nilimsomea miraba kwa sauti, naye akaiingiza upya, akinigombeza nikiruka mstari. Tulipomaliza alitoa nakala: moja ikabaki kwetu, moja ikaenda kwa Mjomba Kassim, mtaani Mutanga Sud, moja kwa Mama Furaha, na kila disketi aliifunga ndani ya kipande cha kitambaa alichokitarizi maua yaleyale. Kopo la sindano halikuziona tena.

Miaka mingi baadaye maji yaliingia Gatumba. Disketi ya Mama Furaha iliharibika. Kitambaa alikifua, akakianika. Mimi leo kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za watu kwenye kompyuta, na nakala ninazotengeneza zinakaa kwenye mashine nisizojua ziko nchi gani. Za Mama zilikaa kwenye nyumba ambazo nilijua nani atanifungulia mlango. Juzi nilijaribu ile ya Mjomba, ikasomeka. Nikatafuta mtandaoni programu inayoifanya kompyuta yangu ijifanye ile ya zamani, na maua yakatokea, ya kijani vilevile, kila rangi na herufi yake. Nililia, wala sioni haya kusema. Nikakipiga picha kioo, nikamtumia Mama, naye akanipigia simu palepale.

"Ni muzuri, mwanangu. Lakini umeisha kuishona?"

Nilimwambia bado. Akasema basi bado haijahifadhiwa, akakata simu. Jana nimenunua uzi.