Maziwa ya Mgonjwa

Chumba alicholala mtoto mwenye homa kina harufu yake. Kwetu Nyarero ilikuwa harufu ya kitambaa kilicholowa, ya jasho lililokaukia kwenye shuka, na ya majani ambayo bibi aliyachemsha nje ya mlango hata kabla hajaombwa. Wakati wa masika, mahindi yakiwa yamefika kiunoni na maji yakiwa yametuama kila penye shimo, harufu hiyo ilihama nyumba hata nyumba, na kila mama aliyeisikia kwa jirani aligeuka kumgusa mtoto wake shingoni. Watu waliiogopa. Mimi niliipenda, na nitasema sababu bila kuficha. Siku niliyougua, jembe la mama lilibaki limeegemea ukuta. Aliketi kitandani kwangu mchana kutwa, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akanichemshia maziwa kwenye sufuria ndogo ambayo haikutumika kwa kazi nyingine, akanipa kikombe chote peke yangu. Siku za kawaida maziwa yetu yalikuwa ya kuuza na ya kutia kwenye chai. Maziwa matupu yalikuwa ya mgonjwa. Mama alinizaa mimi tu, na bibi, mama yake baba, hakuchoka kumkumbusha jambo hilo. Baba alikuwa Musoma kwenye kazi za ujenzi na alirudi mara chache. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba mama ni mali yangu, na homa ndiyo iliyolithibitisha hilo mbele ya watu wote.

Nilikuwa darasa la nne Nyangi alipokuja. Mama alikuwa Mngoreme, mzaliwa wa Kisaka, upande wa Serengeti, aliyeolewa kwetu Ukuryani. Mdogo wake wa tumbo moja alifariki, na baada ya matanga mama alirudi nyumbani akiwa ameshika mkono wa binti wa marehemu, mtoto wa miaka sita mwenye kichwa kilichonyolewa kwa msiba na gauni la kijani lililomfika vifundoni. "Huyu ni mdogo wako, Ghati," aliniambia. "Ukienda shule mtakwenda wote, ukilala mtalala wote." Nilimpokea mkono yule mtoto na nikauminya kwa nguvu nilizokuwa nazo. Hakulia. Alinitazama tu, kisha akatazama chini.

Sikuwahi kumpiga wala kumtukana. Nilimchukia kimyakimya, kwa kuhesabu. Nilihesabu mara ambazo mama alimwita yeye kabla ya kuniita mimi. Nilitazama nyama zilivyogawanywa kwenye sahani. Jioni, mama alipompaka mafuta kichwani ambako nywele zilianza kuota kama pamba, nilikaa karibu nikingoja zamu yangu, na zamu yangu ilipofika niliona mkono wake umeshachoka. Kilichoniuma kuliko vyote kilikuwa lugha. Miaka yote mama alizungumza nasi Kikurya, kwa sababu bibi aliicheka lafudhi ya kwao. Sasa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye Kingoreme. Lugha hizo zinakaribiana, nilielewa mengi, lakini wakiwa wawili jikoni walizungumza haraka, na mara mama alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Nilisimama mlangoni na kuni mikononi, nikiwa mgeni kwenye jiko letu.

Homa ya Nyangi ilianza siku ya shule. Njiani kurudi alikaa chini kwenye jua kali, akitetemeka, na nikalazimika kumbeba mgongoni. Mwili wake ulinichoma kupitia sare. Bibi alipomwona alileta blanketi zito la baba, akamfunika hadi kichwani, akasogeza chungu cha majani ili amfukize. Mama alikuja mbio kutoka shambani, akalivuta blanketi lile na kumvua mtoto sare.

"Mtoto anatetemeka, nawe unamvua nguo?" bibi alifoka. "Unataka kumuua?"

"Mwili unawaka, mama. Nesi alisema watoto wenye homa wasifunikwe."

"Nesi! Nesi amezaa wangapi? Mimi nimelea wanane kwa chungu hiki hiki."

Alikuwa anasema kweli, aliwalea wanane, na mmoja wao ndiye baba yangu. Mama aliloweka kanga kwenye maji yasiyo baridi sana, akamfuta mtoto kwapani na miguuni, akampa dawa ya kutuliza homa aliyokuwa amehifadhi kabatini, akakaa kumtazama. Kila alipouzamisha mkono majini na kuutoa, nilihisi kana kwamba ananivua kitu. Ule mkono ulikuwa wangu. Alasiri homa ilipopanda tena alimfunga mgongoni na kwenda naye zahanati, na bibi akatufuata nyuma akinung'unika.

Zahanati ilikuwa na Nesi Zuhura, mama mnene mwenye ushungi mweupe, aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi. Kiswahili chake kilikuwa laini mno, na sisi wanafunzi tulikiigiza tukiwa njiani. Bibi hakujua Kiswahili, naye Nesi hakujua Kikurya, kwa hiyo wazee walipofika walimtafuta mtoto wa shule awe mkalimani. Siku ile nilikuwa mimi. Nesi alimtoboa Nyangi kidole, akasubiri kipimo, akasema ni malaria. Alimpa vidonge viwili vya kwanza palepale, vile vya njano vya dawa mseto, na vingine akamkabidhi mama.

"Mwanangu, mwambie bibi yako nisemayo," aliniambia. "Usiku wa leo viwili. Kesho asubuhi viwili na jioni viwili. Kesho kutwa vivyo hivyo. Anywe pamoja na maziwa, au chakula chenye mafuta, maana tumbo tupu halivitaki. Akitapika kabla ya nusu saa, ni sawa na hakunywa. Mrudi nimpe vingine. Na homa ikishuka msiache dawa."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bibi alisikiliza huku ametazama dirishani. Naeleza haya ili ijulikane kwamba mimi sikuwa mtoto ambaye hakuelewa. Maagizo yale yalipita kinywani mwangu.

Ulikuwa wakati wa palizi, na mama tayari alikuwa amepoteza siku. Kesho yake aliondoka kulipokucha. Alichemsha maziwa kwenye ile sufuria ndogo, akayamimina kwenye kikombe cha bati, akaweka vidonge viwili kando yake. Shule niliruhusiwa kutokwenda. "Ghati, wewe ni mkubwa," alisema. "Mpe maziwa anywe na dawa. Nakuamini." Kisha akainama, akambusu Nyangi kichwani, akatoka. Mimi hakunigusa. Huenda alikuwa na haraka, na jembe begani. Mimi niliona tu kwamba hakunigusa.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na kikombe mkononi. Maziwa yalikuwa yameanza kufanya utando juu. Niligeukia ukuta na kuyanywa yote, polepole, mpaka chini, na nakumbuka kwamba sikuwa na njaa hata kidogo. Nyangi alikuwa amelala akinitazama, au nilidhani anautazama ukuta. Nikamchotea maji kwenye mtungi, nikampa vidonge. Alivimeza bila neno. Haikupita hata robo saa akakimbilia mlangoni na kutapika uani, na vile vidonge nikaviona pale chini, vimeanza kumomonyoka. Kuku walikuja. Niliwafukuza, nikafukia kwa majivu ya jikoni.

"Umempa dawa?" mama aliuliza aliporudi.

"Nimempa."

"Kamaliza?"

"Kamaliza."

Jioni alimpa mwenyewe, na maziwa, na dawa ikakaa tumboni. Siku iliyofuata ilikuwa vilevile: kikombe, ukuta, maji, matapishi, majivu. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, Nyangi alikuwa ameomba ndizi, na nilijiambia kwamba mtu anayeomba ndizi amepona.

Siku ya nne, saa sita mchana, nilikuwa nachambua mchicha nikasikia kitanda kikigonga ukuta. Nilipoingia Nyangi alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, mikono inapigapiga. Nilipiga yowe. Mama alikuwa uani akianika nguo, akaingia na kumlaza ubavu, akamzuia bibi aliyekuja na kijiko ili kumpanua meno. Degedege ilidumu kitambo kifupi, ingawa kwangu ilikuwa ndefu kama siku nzima. Ilipomwacha, mtoto alilegea kama nguo mbichi. Bibi alisema hiyo si homa ya hospitali, hiyo inatibiwa nyumbani, anamjua mtu. Mama alishika njia ya zahanati akikimbia na mtoto mgongoni, kisha mimi nikiwa nimebeba beseni ambalo hakuna aliyenituma nilibebe, kisha bibi.

Nesi Zuhura alimpima Nyangi tena na kumchoma sindano. Kisha akamwita mama mezani.

"Dawa alimaliza zote?"

"Zote, Nesi. Hakuna hata kidonge kilichobaki."

"Hakutapika?"

"Hakutapika."

Nesi alikunja uso. "Basi sielewi. Kama alimeza zote na hali ni hii, inabidi aende hospitali Tarime, leo hii, waangalie kuna nini kingine."

Bibi alinivuta mkono akitaka kujua kinachosemwa. Nilimweleza. Akasimama, akazungumza kwa sauti, akimtazama mama ingawa maneno yalikuwa ya Nesi. Alisema dawa zao zimekwisha kushindwa, vidonge vyote vimeliwa na mtoto ndiye huyu. Alisema wamrudishe nyumbani leo, kabla hajafia barabarani. Nilimwona mama akisita. Alikuwa amechoka, baba hayupo, na mtu aliyemlea mumewe alikuwa anamwambia kwamba yeye ndiye aliyekosea. Alianza kuikunjua kanga ya kumbebea mtoto, nami sikujua anamfunga aende naye wapi.

"Bibi anasemaje?" Nesi aliniuliza.

"Anasema dawa zenu zimeshindwa," nilianza. "Anasema arudi nyumbani." Nesi alikuwa bado ananitazama, akingoja kama kuna zaidi, na ndipo nikasema maneno ambayo hayakuwa ya bibi. "Lakini alitapika. Asubuhi zote mbili. Nilimpa na maji. Maziwa niliyanywa mimi."

Niliyasema kwa Kiswahili, lugha ya shuleni. Kwa Kikurya yasingetoka. Nesi hakunigombeza. Alivuta pumzi kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta, akamgeukia mama: "Umesikia? Dawa haikushindwa. Haikuingia. Tumwahishe." Lilitafutwa gari lililokuwa linakwenda mjini. Wakati tunalisubiri mama alichuchumaa mbele yangu. Nilifumba macho nikingoja kofi.

"Kwa nini, Ghati?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Nilijibu lililokuwa rahisi. "Nilitaka maziwa."

Akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata aliporudi kutoka msiba wa mdogo wake. Alinikumbatia akisema, "Mwanangu ana njaa nami sioni. Mwanangu ana njaa nami sioni." Kisha gari likaja.

Nyangi alikaa hospitali siku tisa, akarudi mwembamba, akapona. Mama hakuniadhibu. Kila asubuhi, kwa miaka iliyofuata, alitenga kikombe changu cha maziwa kabla ya kupima ya kuuza, akasimama mpaka nimeyamaliza. Nilikuwa nimempata tena, kama nilivyotaka, nami niliyanywa bila kumtazama usoni. Aliamini kwamba aliwahi kuninyima chakula. Nilimwacha aamini.

Sasa naishi Tarime mjini na nina watoto wawili. Kipimajoto kiko kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko. Mtoto akichemka nampunguza nguo, nampa maji na dawa ya homa kwa kadiri ya uzito wake, nampeleka akapimwe siku hiyo hiyo, na dawa namnywesha mimi, kwa mkono wangu, hata kama nimechelewa kazini. Wifi zangu wananiona mwoga. Bibi hayupo tena, na wengi wa rika langu hawajui hata jina la majani yale. Nesi alihamishwa kabla sijamaliza shule.

Nyangi ni mwalimu Ringwani, upande wa Serengeti. Likizo iliyopita alikuja kututembelea na akamkuta mwanangu mdogo ana malaria. Mchana, baada ya dawa, tulikaa sebuleni, nikamwambia. Sikusema habari ya njaa. Nilimweleza jinsi nilivyomchukia, jinsi nilivyohesabu, jinsi nilivyogeukia ukuta.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona ukinywa. Siku zote mbili."

"Mbona hukumwambia mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Ningemwambiaje, Ghati? Alikuwa mama yako."

Kumbe muda wote nilipolia kwamba nimenyang'anywa, mwenzangu alikuwa kwetu kama mgeni anayechunga mdomo, asije akarudishwa alikotoka. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilikuwa nimeshafungua kinywa, mwanangu alipoita kutoka chumbani. "Mama mdogo!" Hakuniita mimi. Nilihisi kitu kikinipanda kifuani, kilekile, baada ya miaka yote hii. Nyangi hakuinuka. Alinitazama kwanza, akingoja ruhusa.

"Nenda," nilimwambia. "Anakuita wewe."