Nani Anaidai Nyota?

Nakumbuka jioni moja hapa Brussels, Mwanangu, miaka ya tisini ikielekea kwisha, nyota yenye mkia ilipokuwa ikionekana juu ya mapaa. Nilikuwa nasoma mashairi ya kale ya Waroma. Washairi wale walikuwa na mtindo wao: mtawala akifa, wanampandisha mbinguni awe nyota. Nami, mtu wa kushuku tangu utoto, kila nilipochungulia chini ya nyota ya namna hiyo nilimkuta mrithi amekaa, anaitwa mwana wa mungu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi akaja chumbani kwangu, mtaa wa Saint-Gilles, mtoto wa gavana mmoja wa kwetu Kivu, aliyefia uhamishoni. Alitaka nimwandikie shairi la siku ya kumaliza matanga, baba yake awe nyota. Gavana huyo! Maaskari wake ndio waliomchukua mume wa mama yangu mdogo, Zawadi, na hadi siku ile mama Zawadi hakujua mumewe alizikwa wapi. Nikasema nina mitihani.

Akaliandika mwenyewe. Siku ya matanga, ukumbini karibu na uwanja wa Flagey, alilisoma kwa Kifaransa, kisha akatuonyesha nyota dirishani, akasema kwa Kiswahili cha kwetu:

"Papa hakufa! Muone nyota ile ya mukia, njo yeye. Na miye mutoto yake, nitawaongoza kurudia kwetu."

Watu wakapiga makofi. Nikajisemea, haya, mrithi ndiye huyo.

Hapo mama Zawadi, aliyekaa kati yetu, akasimama. Desturi yetu waijua: matanga hayaishi kabla familia haijauliza nani anamdai marehemu, ili walipe au waombe msamaha. Siku ile swali lilirukwa, na sidhani lilisahaulika. Nyota nani ataidai?

"Bon, hamujauliza deni," akasema. "Miye ninamudai bwana yangu. Kama papa yako iko nyota, alors, amulike fasi walimuzika, nimuone."

Kijana akakunja karatasi yake. Nami nilimwonea fahari mama yule hadi nikalia mbele za watu.

Mwanangu, ukiambiwa mkubwa fulani amekuwa nyota, usikimbilie kutazama juu. Mtazame kwanza aliyenyoosha kidole, kisha umtafute ambaye hakupiga makofi, ukae naye, umsikilize. Wafu wetu tuwaombee kama binadamu, na dawa ya deni ni kulipa. Mungu akupe macho makali na ulimi usiouzwa, na siku yako ikifika, akuzike mtu anayekupenda, tena ajue kaburi lako liko wapi.