Pumzi Kabla ya Wimbo

Habari ilinikuta Voi, juu ya ngazi, nikipaka rangi dari ya nyumba ya wageni. Nilishuka nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa na kusikiliza ujumbe mara ya pili. Rafiki yangu, mwimbaji wa taarabu tuliyekua naye mtaa mmoja Kibokoni, figo zilikuwa zimemshinda alfajiri. Wangemzika adhuhuri. Hata ningepata basi dakika ile, nisingewahi.

Nilipanda basi vivyo hivyo, na rangi mikononi. Zamani, mtu akitoka bara, moshi wa jaa la Kibarani ndio uliomwambia kwamba amefika kisiwani. Siku hizi jaa halipo, na mimi kila nikirudi hupapita mahali hapo bila kujua. Siku ile nilishtuka tu tumo Mombasa, watu wanateremsha mizigo, na simu yangu imejaa nyimbo zake. Kila mtu alikuwa akimtumia mwenzake. Ndivyo tunavyolia sisi tusioweza kulia hadharani.

Hakuwa wa kwanza. Waimbaji na wapigaji wa rika letu hawakungoja kuzeeka. Mpiga tabla alikufa kwa ajali akirudi kutoka arusi ya Malindi. Kabla yake alikufa dada mmoja aliyekuwa akiimba kwenye kumbi za wanawake, na mtoto tumboni. Nyumba nzima zilikuwa zikinyamaza akianza. Alipozikwa, watu wake walizikusanya kanda zake zote, nyumba hadi nyumba, kwa kuwa waliona haifai mtu aliyelala kaburini aendelee kuwachezesha watu ngoma. Hakuna aliyewanyima. Mimi mwenyewe nilitoa zangu mbili. Leo nakumbuka kanga alizopenda na jinsi alivyoshika kipaza sauti kwa vidole vitatu, lakini sauti yenyewe siipati. Huwa najaribu kuirudisha nikitembea peke yangu, na badala yake huja sauti ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, hitima ilipokwisha na mama wa marehemu akatuma niitwe ndani, nilikuwa najua nitakaloambiwa.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka chumba cha nyuma, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti. Nilimwamkia, nikampa pole. Aliitazama mikono yangu.

"Hata rangi hukunawa."

"Haitoki kwa maji, mama."

"Marehemu naye alikuwa hivyo. Akija kula na resini ya uta wa fidla vidoleni." Alilikanda goti lake. "Mwanangu, wewe wajua mji huu wote. Huwezi kuketi mahali pamoja tangu mdogo, mamako alikuwa akikutafuta hadi Makadara. Sasa nataka huo utembezi wako unifae. Kila utakaposikia nyimbo za mwanangu, waambie wazime. Waambie ni mimi niliyesema. Wanamwongezea mzigo huko kaburini, naye hana tena njia ya kujitetea."

Sikubishana naye. Wapo wanaoamini vile na wapo wasioamini, na mimi si mtu wa kutoa hukumu. Niliona tu mwanamke ambaye hakuweza tena kumpikia mwanawe wala kumfulia, akatafuta kazi moja iliyobaki ambayo mama anaweza kumfanyia. Nikaitikia.

Hakuuliza nina nini kwenye simu yangu, nami sikumwambia. Nilikuwa na rekodi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Siku moja ya kiangazi stima ilikatika, umeme haupo mtaa mzima, nasi tulikuwa orofani kwao, madirisha wazi. Rafiki yangu aliimba bila ala yoyote, wimbo aliokuwa bado anautunga, nami nikabonyeza simu. Hakuwahi kuuimba arusini, wala hakuumaliza.

Nilianza na Majengo, kwa kinyozi mmoja ambaye spika yake ilisikika tangu barabarani. Ni mtu wa bara, baba yake alifanya kazi reli, na yeye amezaliwa hapa hapa. Nilimweleza. Aliacha mashine ikivuma karibu na sikio la mteja.

"Nizime? Kwetu mwimbaji akifa ndipo tunampiga mpaka jenereta inachoka."

"Mamake ndiye aliyesema."

Mteja mwingine, aliyekuwa na sabuni kidevuni, akacheka. "Sasa umekuwa polisi wa nyimbo, bwana? Ukitoka hapa uende na redioni, ukazikamate huko."

"Mnyamaze nyote," akasema kinyozi. Alizima. Duka likawa na mvumo wa mashine tu. "Mama ni mama. Lakini sifuti, nakwambia ukweli. Nitazima ukiwepo, na yeye akipita. Huyu aliimba nilipooa."

Nilitembea hivyo kwa juma zima. Kwenye duka la vitambaa walizima upesi na kuomba radhi. Kwa muuza juisi mmoja niliambiwa nirudi nikiwa na hati ya mahakama. Sikujua zamani kwamba rafiki yangu amesambaa mjini kiasi kile. Nilipokuwa nikisikia sauti yake kichochoroni moyo uliruka kwanza, kama mtu aliyeitwa, kisha nikakumbuka nimekuja kufanya nini.

Kwenye barabara ya Mama Ngina nilifika jioni ya Jumapili, watu wamejaa ukutani wakitazama bahari. Mwanamke mmoja alikuwa akikaanga mihogo, na simu yake aliitia ndani ya bakuli tupu la chuma ili isikike zaidi. Ilikuwa sauti ya rafiki yangu. Nilingoja mpaka wateja wapungue.

"Dada, huyu anayeimba wamjua?"

"Aliimba arusi ya mdogo wangu. Alinitania kwa kanga zangu mbele ya watu wote, mshenzi yule." Alikuwa akitabasamu, akipasua muhogo na kuutia pilipili na ndimu. "Tunamtaka tena mwezi ujao. Una nambari yake?"

Hakuwa amesikia. Mimi niliyetumwa kuzima wimbo nikajikuta ndiye ninayetangaza msiba. Nilipomaliza kusema, alikuwa bado ameushika ule muhogo. Nikamweleza na ombi la mama.

"Nitazima," akasema. "Lakini acha uishe. Umebaki ubeti mmoja."

Tukausikiliza. Kisha akainamia bakuli akaitoa simu, akaifuta mafuta kwa kanga, akaizima kabisa. Hakutaka malipo ya muhogo, na mimi sikuweza kuula.

Nilirudi Kibokoni kwa miguu, kupitia mjini, na njia nzima nilijiuliza nawezaje kumzimia mtu wa mihogo wimbo wake huku wangu umo mfukoni. Kumdanganya yule mama kulikuwa rahisi. Asingejua kamwe. Lakini alinituma kwa sababu aliniamini, na kila duka nililoingia nilimtaja yeye. Upande mwingine kulikuwa na yule dada wa kumbi za wanawake, ambaye sauti yake niliitoa kwa mkono wangu na sikuipata tena.

Nilimkuta mama akichambua mchele. Nikamwambia nina rekodi moja, na kwamba zimo sauti za siku ile stima ilipokatika, si wimbo tu. Aliendelea kuchambua.

"Niisikie," akasema hatimaye. "Mara moja. Kisha ufute."

Nikaiweka simu juu ya ungo. Kwanza kulikuwa na kunguru, na mtu akivuta mkokoteni chini. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka jikoni, mbali:

"Wewe bwana mkubwa, chai yapoa huku."

"Ifunike, mama. Waimbaji hatunywi chai ya moto."

"Nani aliyekudanganya kwamba wewe mwimbaji?"

Kisha kicheko. Cha mwanawe kilikuwa cha puani, na cha mama kikapanda ngazi kikamkuta juu, wakawa wanacheka pamoja kila mmoja kwenye orofa yake. Kikatulia. Ikasikika pumzi ikivutwa, ndefu, ya mtu anayetaka kuanza.

"Hapo," mama akasema, na mkono wake ukafunika simu. "Hapo pakate. Hayo yanayofuata futa, haya niachie."

Sikujua namna ya kukata. Nilihangaika na kile kioo, kidole changu chenye rangi kikiteleza, naye akiinama kuhakikisha. Mstari wa sauti ulikuwa umepanda na kushuka kama milima pale alipokuwa akiimba. Niliusogeza mpaka milima yote ikatoka. Simu ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, mama."

Ule wimbo sikuwahi kuukariri. Nilidhani upo wakati. Nimebaki na maneno mawili matatu na kipande cha lahani, na kila mwezi kinapungua. Nadhani sasa nakijaza kwa vitu vyangu mwenyewe.

Sijasafiri mbali tangu wakati ule. Nikipata kazi ng'ambo ya Likoni au Changamwe hurudi jioni, na mara nyingi hupitia kwa mama. Simu aliyonayo ni ya vibonyezo, haichezi kitu, kwa hiyo huniambia niitoe yangu. Tunasikiliza kunguru na mkokoteni. Sehemu yake huisema pamoja na simu, midomo ikienda sambamba: nani aliyekudanganya. Tunafika kwenye pumzi. Inavutwa, kisha kimya, na kila mara mimi hungoja.

"Haya," husema mama. "Kunywa chai yako, yapoa."

Nami hunywa.