Aliyepinda Mstari Alirudishwa Darasani

Udongo mweusi ukifunguliwa baada ya mvua ya kwanza una harufu yake, kama chuma kilicholowa na majani yanayooza pamoja. Juzi juzi nilipeleka saruji kwenye sekondari moja ya upande wetu, kwa lori langu mwenyewe. Nasema langu mwenyewe kwa sababu wako watu pale Malaba mpakani ambao mpaka leo wanadhani naendesha la tajiri fulani. Tajiri ni mimi. Basi, vijana walikuwa wanachimba msingi wa maabara, harufu ile ikanipanda puani, nikabaki nimeshika usukani kama mtu aliyesahau njia. Pale getini wameandika kwamba shule ilianza kama shule ya ukulima. Ni kweli. Hawakuandika aliyelima ni nani.

Nililima mimi.

Enzi zetu haikuwa sekondari. Yalikuwa mabanda ya nyasi, ghala la pamba lenye paa la mabati, na shamba refu lililoteremka mpaka kwenye matete ya mto. Asubuhi tulisoma, mchana tulilima pamba na mahindi, na mahindi hayo ndiyo yaliyolisha walimu. Baba yangu alikuwa ameshakufa. Mama hakuwa na karo, lakini alikuwa na ng'ombe wawili wa plau, Kapteni na Sukari. Akawapeleka shuleni walime, ili mimi nisome. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano. Namkumbuka akiwavusha barabara ya lami, amejifunga leso mpya, anatembea kama mtu anayepeleka mahari.

Tatizo ni kwamba ng'ombe wale walinijua mimi tu. Mtu mwingine akishika kamba, Sukari alijilaza chini na nira yake shingoni, anacheua, anatazama mawingu. Nikija mimi, nikimpigia mluzi, anasimama. Nilikuwa mdogo wa umbo, lakini nikitangulia mbele, plau ilikata mstari ulionyooka kuanzia ghalani hadi matete. Sijawahi kuona mwingine kama ule, huku wala ng'ambo kule Kenya, na nimetembea.

Bwana shamba wetu, Mwalimu Okiror, alikuwa mtu mnene aliyekunja suruali mpaka magotini. Alisimama mwisho wa shamba, anafumba jicho moja, anapima mstari wangu, halafu anaita wenzangu wote waje waone.

"Vitabu kila mtu anaweza kusoma," alisema. "Lakini Kapteni anamsikia nani? Othieno peke yake! Mpigieni makofi."

Walipiga. Jamani, yale makofi! Nililala nayo.

Mwalimu Okiror alikuwa na sheria yake. Aliyenyoosha mstari, aliongezewa shamba. Aliyeupinda alipewa adhabu: rudi darasani, ukanakili hesabu mpaka kengele ilie. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu. Mtu wa kuadhibiwa kila siku alikuwa Wandera, mtoto wa fundi cherehani kutoka Busia. Plau ilimkokota kama mbwa anayemkokota mtoto. Mistari yake ilikwenda kama mlevi anayerudi kutoka sokoni Nagongera. Tulimzomea mpaka mlangoni mwa darasa.

"Kwenda huko, bwana karatasi!"

"Wandera, chaki inakuita! Nakwambia iko na njaa!"

Naye aliingia ameinamisha kichwa, anafuta macho kwa mkono wa shati. Mimi niliyemzomea kwa sauti kubwa nilirudi kwa ng'ombe wangu. Mvua zilipokaza, nikawa naitwa hata asubuhi, kwa maana mvua haikuwa na subira na mahindi ya walimu yalitakiwa. Wenzangu walipokuwa wanasoma, nilisikia sauti zao kwa mbali, kama nyuki.

Kisha pamba ikaanguka bei, ikaja habari kwamba serikali itaigeuza shule iwe sekondari. Kila mwanafunzi angefanya mtihani. Atakayepita angebaki, atakayeshindwa angetoka. Mama alinifulia shati, akalinyoosha kwa pasi ya makaa, akanisindikiza mpaka getini.

Karatasi yote ilikuwa Kiingereza. Niliigeuza, nikairudisha, mpaka nikakuta mchoro wa plau. Moyo ukaruka! Plau ileile, na vimshale vikionyesha kila kipande ili tuandike majina. Kila kipande nilikijua kwa mikono yangu, hata gizani ningekifungua nikifunge. Jina hata moja sikulijua. Kwa vile mchoro haukuwa na ng'ombe, na plau haijivuti, niliandika upande mmoja Kapteni, upande wa pili Sukari. Nikaweka kalamu chini. Wandera, mbele yangu, alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

Siku majibu yalipotoka, Mwalimu Okiror alikuja nyumbani kwetu. Mama alimpa kiti, mwenyewe akakaa mkekani.

"Mama Othieno, mtoto ameanguka," alisema. "Lakini usihuzunike, mama. Huyu kijana ana mkono! Tutamweka pale pale shuleni awe wa plau. Atakula, atalala."

Mimi nilifurahi, msinicheke. Nilishajiona mfalme wa shamba lote. Mama aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuletea kichwa yake. Mkono nilikuwa nayo hapa nyumbani."

Jioni ileile alikwenda mwenyewe kuwafungua Kapteni na Sukari, akawarudisha nyumbani. Mwaka uliofuata nilikuwa Malaba nabeba magunia. Kusoma Kiswahili nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na mengine yote niliyo nayo niliyatoa mgongoni. Wandera siku hizi ni daktari. Sina neno naye. Hata Mwalimu Okiror siwezi kusema alinichukia. Alinipenda kweli, na alihitaji shamba lilimwe.

Nilichochelewa kuelewa ni hiki. Kijiji kizima kilisifu mistari yangu: wazee, wanafunzi, hata wapita njia waliosimamisha baiskeli. Mama hakuisifu hata siku moja, kwa kuwa alinipeleka pale nisome, si nilime. Nilimwekea kinyongo kwa hilo, utotoni na ukubwani, na kilikuwa bado kifuani siku niliyomzika.