Jezi ya Uwanja Mkubwa

Ukitaka kumjua mtu vizuri, mshikie kibendera. Mimi nimemshikia Kibwana tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, kwenye viwanja vya mchanga kuanzia Kaole mpaka Chalinze, na katika matusi aliyotukanwa nimegawiwa fungu langu bila kuomba. Asubuhi Kibwana ni mkulima wa mihogo, na wa minazi michache aliyoachiwa na baba yake pale Kaole. Jioni ni refa. Ukimwita mkulima ataitika, lakini ukimwita refa anageuka mwili mzima.

Ndoto yake haikuwa siri. Alitaka kuchezesha ligi kuu, kwenye uwanja wenye nyasi na taa, walau mchezo mmoja kabla hajafa. Ili ufike huko lazima upande daraja, na ili upande daraja lazima ukimbie mbele ya wapimaji mpaka waridhike. Sheria za mpira Kibwana anazo kichwani, hilo halina mjadala. Mbio ndizo zilizomtupa. Mara ya kwanza lilikuwa goti, mara ya pili pumzi, na safari iliyofuata vyote viwili vikashirikiana. Kila alipoanguka alirudi nyumbani akanuna kidogo, kisha baada ya swala ya alfajiri ungemwona tena pwani anakimbia, mtu mwenye wajukuu.

Ndani ya kabati lake kuna jezi ya urefa aliyoinunua Kariakoo, ikabaki vilevile ndani ya nailoni yake. Hiyo ilikuwa ya uwanja mkubwa. Kwenye ndondo zetu, mashindano ya mitaani, alivaa ile iliyopauka, ambayo mkewe, Sada, ameishona kwapani mpaka amechoka.

"Mende wataizindua kabla yako," Sada alikuwa akimwambia. Kibwana alicheka, lakini jezi haikuguswa.

Mwaka huu bahati ikamjia. Fainali ya ndondo ya Mapinga alipewa yeye, na kamisaa wa mkoa, mzee Bwanausi, angekuja kumtazama. Akiridhika, angelipeleka jina lake kwenye kozi ya kupanda daraja kwa mara nyingine.

"Hii ndiyo ya mwisho, Abdulrazak," aliniambia. "Nikiikosa hii, basi."

"Basi" hiyo nilikwishaisikia.

Sasa, Kibwana ana desturi moja ambayo marefa wenzake wanamcheka nayo. Kabla ya mchezo huzunguka uwanja mzima akitafuta mashimo ya vigingi vya turubai, maana viwanja vyetu ndivyo hivyo hivyo vya harusi, maulidi na mikutano ya kampeni. Kila shimo hulijaza mchanga kwa mguu, akalikanyaga mpaka likashiba. Siku ile hakuzunguka. Alikuwa anapasha mwili mbele ya kamisaa, anaruka, anapiga mbio fupifupi, mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

"Na mashimo je?" nikamuuliza.

"Leo fainali, bwana. Watu wa uwanja wapo."

Kipindi cha kwanza alichezesha vizuri mno, nami nikaanza kuamini. Kipindi cha pili miguu ikaanza kudai chake. Karibu na mwisho, timu bado hazijafungana, winga wa Mapinga akachomoka na mpira, akaingia eneo la hatari, beki wa Chalinze nyuma yake, akaanguka. Kibwana alikuwa bado anajikongoja huku katikati. Akapuliza kipenga kwa nguvu na mkono ukaonyesha penalti, umenyooka, hauna wasiwasi wowote. Watu wakalipuka kwa shangwe. Nikamwona mzee Bwanausi anaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa usawa wa tukio. Beki hakumgusa yule kijana. Nikainua kibendera na kukishikilia juu.

Angeweza kunipuuza. Refa ndiye mwenye kauli ya mwisho, na kamisaa pale alipokaa asingejua kitu. Lakini alikuja, anahema kama mtu aliyepanda mnazi.

"Umeona nini?"

"Hakuguswa. Mguu umeingia shimoni."

Akaenda pale alipoangukia kijana, akautia mguu wake ndani ya shimo. Kiatu kikazama mpaka kwenye kamba. Akasimama akilitazama, nami nilijua anawaza nini, kwa sababu shimo lile siku nyingine zote angekuwa amelijaza. Kisha akaifuta penalti, akampa kipa wa Chalinze mpira, mchezo ukaendelea. Waliyotuita watu wa Mapinga siyarudii, maana nina mama yangu hai. Ikaenda mpaka matuta ya penalti, na Chalinze wakaondoka na mbuzi wa zawadi.

Baadaye mzee Bwanausi alituita pembeni.

"Kibwana, ule uamuzi wa kwanza uliutoa ukiwa mbali sana," akasema. "Wa pili, marefa wengi wakubwa hawana moyo huo. Jina nitalipeleka ukitaka. Ila mbio ni zilezile."

Nilitaka aseme "lipeleke". Nilitaka mno, kuliko nilivyotaka mambo yangu mwenyewe.

"Nashukuru, mzee," akasema mwishowe. "Leo nimepuliza kitu ambacho sikukiona, kwa sababu miguu haikunifikisha. Usilipeleke."

Tukarudi Kaole. Iliniuma, tena niliona hasira, wala sikujua namkasirikia nani.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mchezo wa mitaa miwili ya hapo Kaole, usio na kombe wala mbuzi. Nilipofika nilimkuta Kibwana keshatangulia, yuko peke yake katikati ya uwanja, anajaza mashimo mchanga kwa mguu. Nikasimama. Alikuwa amevaa ile jezi ya Kariakoo, mikunjo ya nailoni bado imejichora kifuani.

"Hiyo si ya uwanja mkubwa?" nikamuuliza.

Akajitazama kifuani, akaipapasa ile mikunjo kwa kiganja.

"Ningemwekea nani, Abdulrazak?" akasema. "Hebu nenda kwenye ile kona kuna shimo jingine. Watu wanakaribia kufika."