Ruhusa ya Kusimama Bustanini

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya suruali. Nilikuwa nimevaa suruali ndefu ya kijivu niliyoazimwa na binamu yangu. Karani Mkuu wa ofisi ndogo ya Ruiru, Mgoa mnene aliyependa kuongea huku ameshika kikombe cha chai, akanitazama miguu kabla ya kunitazama uso. "Suruali ndefu ni ya karani mwenye daraja," akasema. "Wewe bado huna daraja. Nenda vaa kaptura, rudi." Basi nikapita tena sokoni na kaptura yangu ya shule, mbele ya watu wale wale walioniona asubuhi nikipita kwa madaha. Ninyi mnaoingia ofisini na jinzi hamtajua kamwe jinsi magoti yanavyoweza kumwaibisha mtu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na wakubwa waliiogopa kamera karibu kama walivyoiogopa bunduki. Kila ardhi iliyokuwa mali ya baraza, iwe soko, kichinjio, daraja, matangi ya maji au bustani, haikupigwa picha bila kibali. Mimi nilikuwa karani wa vibali. Mwombaji alikuja dirishani, nikamwuliza anataka kupiga picha gani, wapi, na ya kazi gani. Nilijaza kibali juu ya karatasi za kaboni, zile nyeusi zinazohamishia mwandiko kwenye nakala ya chini, kisha Karani Mkuu akagonga muhuri. Kazi haikuishia hapo. Ilinibidi nifuatane na mwombaji, nisimame nyuma ya kamera, nihakikishe kwamba lenzi haielekei tangi, kituo cha polisi wala seng'enge. Kusimama huko tulikuita kulinda jicho, na tulikufanya kwa kujivuna, kana kwamba tumekabidhiwa ikulu.

Hapo Ruiru nililinda jicho la watu wa sinema pia. Walikuja Wazungu kadhaa na lori la mitambo, wakitengeneza filamu ya kuonyeshwa kwao. Walitaka watu wavuke mto kwa miguu, mizigo kichwani, ingawa daraja lilikuwa karibu tu. Nikatumwa kuwaambia akina mama waliotoka sokoni wavue viatu, kwa wale waliokuwa navyo. Mama mmoja akaniuliza, "Kwani daraja limevunjika, kijana?"

"Halijavunjika, mama," nikajibu. "Ila hawa hawana kibali cha daraja. Wana kibali cha mto."

Ilikuwa kweli, maana kibali nilikiandika mimi. Akina mama wakavua viatu, wakapandisha nguo, wakaingia majini wakininung'unikia, nami nikabaki ukingoni na soksi zangu kavu. Nilijisikia mdogo siku ile, lakini jioni nilikuwa nimeshasahau. Ujana una tumbo kubwa la kusahau.

Baadaye nilipewa daraja, na suruali ndefu, nikahamishiwa Thika. Huko niliwakuta wakubwa wawili. Wa kwanza alikuwa Karani Mkuu mwingine, Mhindi mpole mwenye miwani, aliyejua kanuni zote na mianya yake yote. Wa pili alikuwa Msimamizi wa Bustani, Mzungu mrefu aliyezipenda waridi zake kuliko alivyompenda mtu yeyote niliyewahi kumwona naye. Bustani ya baraza ilikuwa nyuma ya ofisi yetu, na kanuni yake ilikuwa fupi: Mwafrika hapigwi picha humo, isipokuwa mfanyakazi akiwa kazini.

Lakini Thika ilikuwa ikikua. Vijana walipata kazi viwandani, harusi zikawa nyingi, na kila bibi harusi alitaka picha kwenye maua yale. Bwana Salimu, mpiga picha wa Majengo mwenye kamera ya sanduku juu ya miguu mitatu, alikuja dirishani kwangu akisihi mpaka mate yakamkauka. Karani Mkuu ndiye aliyetupa dawa. "Hiyo si neno kubwa," akasema. "Bibi harusi ashike debe la kunyunyizia maji. Akishika debe, yeye ni mfanyakazi. Wewe andika, mimi nagonga."

Ndiyo maana mkiingia katika nyumba za watu wazima wa Thika mtaona picha za harusi ambamo bibi harusi, na shela lake na glavu zake nyeupe, amekumbatia debe la maji, na bwana harusi ameegemea reki. Wajukuu hudhani babu na nyanya walikuwa wakulima hodari wa maua. Sisi ofisini tuliziona picha zile tukacheka. Nilicheka mimi zaidi ya wote, kwa sababu niliona nimekuwa mjanja wa mjini.

Baba yangu alikuwa mkata katani kwenye shamba moja upande wa Gatuanyaga. Mimi ni kifungua mimba, nimeitwa jina la baba yake, kwa hiyo kwa desturi yetu Wakikuyu aliniita Baba, nami nikamwita Baba. Kila nilipokwenda nyumbani nilimsimulia jinsi watu wanavyopanga foleni kwangu. Hakuna anayepiga picha Thika bila mimi kukubali, nilimwambia. Pengine nilipiga chumvi. Yeye alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeweka akiba.

Jumamosi moja akaja. Alikuwa na pasi ya msimamizi wa shamba, maana bila pasi asingefika hata nusu ya njia, na alikuwa amevaa koti jeusi la mzee wa kanisa, na kofia. Alipanga foleni dirishani nyuma ya wengine. Zamu yake ilipofika akavua kofia.

"Baba," akaniambia, "nimekuja kuomba ruhusa."

"Ya nini, Baba?"

"Ya picha. Nilipigwa picha ya pasi, namba wameniwekea kifuani. Halafu bwana shamba akanipiga nikiwa na mzigo wa katani mgongoni. Watu wote wameniona nikifanya kazi tu. Sasa nataka moja nimesimama, sifanyi kitu. Na nyuma yangu maua."

Nilijua kanuni, na nyuma yake foleni ilikuwa ikisikiliza. Niliandika "mfanyakazi akiwa kazini," Karani Mkuu akagonga, nikatoka naye mpaka bustanini, ambako Bwana Salimu alikuwa tayari ameshasimamisha kamera. Nilitumaini tungemaliza haraka kabla ya mtu kutuona. Baba akasimama mbele ya waridi, mikono kando, kidevu juu. Sijawahi kumwona amenyooka vile.

Ndipo Msimamizi wa Bustani akatokea na kijiti chake cha kutembelea. Akachukua kibali mkononi mwangu, akakisoma, akamtazama Baba.

"Hii mzee iko fanya kazi gani?"

"Anafyeka nyasi, bwana," nikasema, ulimi wangu ukinitangulia.

"Fyekeo iko wapi?"

Mtunza bustani aliyekuwa karibu akaleta fyekeo lake, akampa Baba. Baba akalishika akiwa haelewi. Akanitazama. Nikamweleza kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini, huku nikitazama viatu vyangu, kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na kwamba hata mabibi harusi hushika kitu, ni picha tu, inapita.

Akalitazama fyekeo lile. Kisha akaniuliza, "Hapa mfanyakazi ni nani?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi shika wewe. Mimi leo sina kazi."

Akaniwekea fyekeo mkononi, taratibu, bila hasira, akarudi mahali pake. Msimamizi akataka kujua mzee amesema nini, nikamfasiria. Akakisoma kibali tena. Kilisema mfanyakazi, hakikusema yupi. Akacheka mpaka uso ukawa mwekundu, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Sawa sawa! Karani, fanya kazi!"

Nikainama. Nikiwa na tai na suruali yangu ndefu, nikafyeka nyasi zilizokuwa zimefyekwa jana yake. Madirisha ya ofisi yalijaa vichwa, msichana wa taipureta na tarishi wetu wakiwa mbele. Bwana Salimu akapiga kelele kutoka chini ya kitambaa chake cheusi, "Inama vizuri, karani, usimzibe mzee!" Aibu ilinichoma mwili mzima. Nilitamani nyasi ziote ghafla zinifunike. Kabla Salimu hajafungua lenzi nikageuza uso upande wa ukuta.

Baba aliitundika picha ile ukutani mwa nyumba yake, kwenye fremu ya kioo. Alisimama kidete ndani yake, mwanamume asiye na haraka wala mzigo. Na kila aliyeingia alionyeshwa. "Huyu ni mimi, nimesimama," alisema. "Na huyu anayefanya kazi ni mwanangu, karani wa baraza." Nilikuwa naambiwa hayo na majirani, nami nikaomba asiyasikie mtu wa maana.

Watu wa maana wakaja. Nilikuwa nimempata msichana wa Kalimoni, na wazee wa kwao wakaja kutuona. Nilivaa suti. Uji ukapitishwa, mazungumzo yakaenda vizuri, mpaka mjomba wa msichana akainuka na kuisogelea picha. "Mzee, hapa umependeza," akasema. "Na huyu anayefyeka ni nani?"

Baba alikuwa ameshafungua mdomo, uso umemng'aa. Nikamwahi. "Ni mfanyakazi tu wa baraza," nikasema. "Alikuwa akipita."

Baba akaufunga mdomo. Akakiweka chini kibuyu chake. "Ndiyo," akasema. "Ni mfanyakazi wa baraza."

Msichana nilipewa, na tumezaa, na ameninyamazia jambo hilo maisha yetu yote, ingawa baadaye nilimweleza. Lakini tangu siku ile Baba hakuniita tena Baba. Aliniita Karani. Nilipomletea sukari: "Asante, Karani." Nilipompeleka hospitali: "Polepole, Karani." Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Nilishindwa kumwomba msamaha, maana ningemwambia nini? Kwamba niliona haya kuonekana nikimfanyia kazi baba yangu dakika moja, yeye aliyekata katani ili nisome?

Uhuru ulikuja, kanuni ya bustani ikafutwa, wakubwa wakaenda na wengine wakaja. Nilipanda vyeo mpaka nikawa mimi Karani Mkuu. Siku hizi naona vijana wakijipiga picha kwa simu pale palipokuwa na waridi, wamekaa, wamelala, wamefanya midomo kama bata, hawamwombi mtu ruhusa. Nawafurahia. Nikipita karibu yao huongeza mwendo, sijui kwa nini, kama mtu anayeogopa kudaiwa.

Baba alifariki muda mfupi baada ya mimi kustaafu. Tulihitaji picha yake ya kuwekwa mbele ya kitabu cha mazishi, na hakuwa na nyingine nzuri. Nikaichukua fremu ile mpaka studio moja mjini Thika. Kijana wa studio akaitoa kwenye kioo, akaiweka chini ya taa.

"Mzee huyu amesimama vizuri," akasema. "Ni nani wako?"

"Ni baba yangu."

"Pole sana, mzee wangu. Sasa huyu mfanyakazi wa nyuma, si nimkate, abaki baba peke yake?"

"Usimkate," nikasema. "Ni mwanawe."

Akainama akaichungulia, akanitazama mimi, akaichungulia tena.

"Lakini uso hauonekani, mzee."

"Hauonekani," nikamwambia. "Niliuficha."