Kiungo Kipya Kutoka Olympic

Saiba ya intaneti mtaani Kawangware 56 ilipofunguliwa tena baada ya ghasia za uchaguzi, mama mmoja fundi wa nguo aliketi kando yangu. Aliniambia kwamba yeye na rafiki yake wa mtaa wa Olympic wana tovuti ya mishono. Huweka humo viungo vya duka la vitambaa, na msomaji akibofya na kununua, duka huwapa kamisheni. Tangu kura, simu ya rafiki yake ilikuwa imezimwa, na njia ya kwenda kwake haikupitika.

Ukurasa ulipofunguka, alishika mdomo.

“Ameweka kiungo leo asubuhi! Yuko hai!”

“Na kamisheni je?” nikauliza.

“Wachana na hiyo. Sijamwona tangu Krismasi.”

Akaligusa jina la rafiki yake kwenye skrini, polepole. Nilikuwa nimekuja kusoma habari za nchi. Nililipa, nikatoka bila kuzisoma.